Njia ya Mambrui na Deni la Usingizi

Msafiri atokaye Malindi kuelekea kaskazini huvuka kwanza mto Sabaki. Maji ya mto huo ni ya rangi ya udongo. Huko juu huitwa Athi, ukipita Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari ndipo huitwa Sabaki. Hubeba udongo wa bara safari yote hiyo na kuumwaga baharini, ndiyo sababu bahari ya Malindi hugeuka nyekundu wakati wa mvua. Penye kinywa cha mto kuna vilima vya mchanga, ndege wa kila namna, na viboko wanaojificha katika matete. Ukishavuka na kwenda mwendo mfupi, njia ya mkono wa kulia hukuteremsha Mambrui. Ni kama kilomita 15 tu kutoka Malindi.

Mambrui ni mji wa kale. Una misikiti na madrasa, minazi na nyumba zilizoelekeana na bahari, na kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina, ambalo mnara wake umekwisha kuanguka. Mwaka 2010 wachimbuzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking walipata katika ardhi ya hapa sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424. Kwa hiyo watu wamekuwa wakiufikia mji huu kutoka mbali kwa karne nyingi, na hata leo wanaendelea kuufikia. Wana wa Mambrui wako Mombasa, Nairobi na Uarabuni. Wanarudi kwa Idi, kwa harusi, kwa Maulidi na kwa mazishi. Zamani walikuja kwa jahazi. Siku hizi wanakuja kwa gari, na wengi wao wanakuja usiku.

Makala haya yanahusu safari hizo za usiku, na jambo moja ambalo hatulisemi sana katika nyumba zetu: usingizi wa dereva. Tunapofunga safari tunahesabu mafuta, tunakagua magurudumu, tunafunga mizigo na kuwapakia watoto. Ni nadra mtu kuuliza, "Na wewe unayeendesha, umelala saa ngapi?"

Tufuate safari moja kwa saa. Bwana mmoja anafanya kazi Nairobi. Ameamka saa kumi na moja kwa Swala ya Alfajiri, ameshinda kazini mchana kutwa, na baada ya Isha simu inalia: ami yake amefariki Mambrui, na mazishi ni kesho baada ya Adhuhuri. Anawakusanya mkewe na watoto, na saa tatu za usiku wako njiani. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na hata akikata njia ya Mariakani na Kaloleni kutokea Kilifi, bado safari yake ni ya usiku kucha. Atapita Voi na Mackinnon Road kati ya saa tisa na saa kumi, watoto wamelala nyuma, mkewe amelala ubavuni, na mbele yake hakuna ila mstari mweupe wa barabara na taa za malori. Itakapotimia saa kumi na moja alfajiri atakuwa amekaa macho saa 24 kamili, na bado mbele yake kuna Kilifi, Matsangoni, Gede, Malindi na Sabaki.

Ni nini kinachotokea katika mwili wa mtu huyo? Tangu anapoamka, ubongo hukusanya polepole kemikali iitwayo adenosini. Kadiri anavyokaa macho ndivyo inavyozidi, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Hilo ni deni, na halilipwi kwa kitu chochote ila kulala. Juu ya deni hilo mwili una saa yake ya ndani, inayofuata mwanga wa jua. Saa hiyo huuteremsha uchangamfu wetu mara mbili kila siku: kwa nguvu sana kati ya saa nane za usiku na alfajiri, na kwa kiasi kidogo mchana baina ya saa nane na saa kumi. Dereva wetu wa Nairobi ana deni la siku nzima, na analipita bonde la usiku akiwa katika mwendo.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima jambo hili. Walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe, kwa kazi zinazohitaji jicho na mkono kwenda pamoja. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, na aliyekaa macho saa 24 hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.10. Dada yangu msomaji, tafakari maana yake kwetu sisi. Mtu ambaye maishani mwake hajatia kileo mdomoni, anayemkataza mwanawe hata kuketi penye watu wanaokunywa, anaweza kushika usukani alfajiri akiwa na mkono na jicho la mlevi, na watoto wake wako nyuma.

Hatari kubwa zaidi ni ule usingizi wa kitambo kidogo ambao mwenyewe haujui. Ubongo hujifunga kwa sekunde mbili, tatu au nne, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Kwa sekunde nne ni karibu mita 89, na katika mita hizo gari halina mwenyewe. Mwenye kulala hafungi breki wala hakati kona kuepa, kwani haoni kitu. Ndiyo maana ajali za namna hii huwa mbaya kuliko mwendo wa gari ulivyokuwa, na mara nyingi hakuna alama ya breki barabarani.

Barabara yetu ya pwani nayo haisamehi. Kati ya Kilifi na Malindi ni nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, imepakana na vijiji na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwezi wa Machi 2021 mabasi mawili yaligongana uso kwa uso pale Kizingo, karibu na Matsangoni, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Sikitaji kisa hicho ili kusema kilisababishwa na usingizi, kwani ajali huwa na sababu nyingi. Ninakitaja kwa kuwa kila anayekwenda Mambrui kutoka Mombasa hupita hapo, na kwa kuwa kinaonyesha jinsi gari linalohamia upande wa pili lisivyopata pa kukimbilia. Kaskazini ya Mambrui hali ni nyengine lakini hatari ni ile ile. Huko Gongoni na Marereni kuna mashamba ya chumvi na malori yake, kisha njia hunyooka kuelekea Garsen, tambarare na kimya. Unyoofu huo haumletei mtu usingizi, bali humfichulia ule aliokuwa nao.

Wazee wetu wa baharini walilijua jambo hili kabla ya wataalamu. Neno usukani tumelitoa chomboni tukalitia garini, lakini hatukuichukua na desturi yake. Katika jahazi hakuna mtu mmoja aliyeshika usukani usiku kucha. Walishika kwa zamu. Aliyemaliza zamu alilala, na nahodha hakuona haya kumwamsha mwenzake. Pwani hii ilisifika kwa marubani wake. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alipewa hapo rubani wa kumvusha hadi India. Mabaharia walioweza kuvuka bahari kuu hawakujidai kwamba wanaweza kuushinda usingizi.

Na dini yetu imetangulia kutufunza. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.), aliporudi kutoka Khaybar, alikwenda usiku pamoja na masahaba zake mpaka uchovu ukawazidi. Akasimama wapumzike, na akamwachia Bilal kazi ya kukesha ili awaamshe kwa Swala ya Alfajiri. Bilal aliswali alichojaaliwa, kisha akaegemea mnyama wake akielekea upande wa mapambazuko. Usingizi ukamchukua, wala hakuamka yeyote mpaka jua likawapiga. Tuangalie mafunzo mawili. La kwanza, Mtume mwenyewe alisimamisha msafara kwa ajili ya usingizi. La pili, aliyeshindwa kukaa macho ni Bilal, mtu mwenye imani isiyo na shaka na aliyepewa kazi moja tu usiku ule. Ikiwa nia njema haikumtosha Bilal, haimtoshi dereva wetu.

Imepokewa pia kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba mwenye kusinzia katika swala ameamrishwa alale kwanza mpaka usingizi umwondoke, asije akadhani anaomba maghufira kumbe anajiapiza. Ikiwa swala, iliyo nguzo ya dini, yaweza kungoja usingizi umtoke mtu, ni safari gani isiyoweza kungoja? Na katika adabu za safari tumefunzwa kwamba atakayetua usiku ajitenge na njia, kwani ni mapito ya wanyama na makao ya wadudu. Mafunzo hayo yanalingana na ya leo: simama, lakini usisimame ukingoni mwa barabara.

Nitasema sasa juu ya mazishi, kwa kuwa ndiyo sababu inayotutoa nyumbani usiku kwa haraka kuliko zote. Sisi Waislamu huharakisha kumzika maiti, na ni sunna njema. Lakini haraka ile ni haki ya maiti kwa walio naye pale, wala si amri kwa aliye mbali kukimbia usiku kucha. Kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza walio Mambrui, imewaondokea wote. Na aliyechelewa hakufungiwa mlango. Mtume (S.A.W.) aliambiwa kwamba aliyekuwa akifagia msikiti amekufa na kuzikwa pasi na yeye kujulishwa, akaomba aonyeshwe kaburi, akaenda akaliswalia. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliye mbali huweza pia kumswalia maiti aliye ghaibu. Dua haina kizuizi cha barabara. Basi mwana akikosa kutia udongo kaburini lakini akafika jioni yake salama, akasimama kaburini na kumwombea baba yake, hakupungukiwa na wema. Kinachowavunja wafiwa ni kungoja gari lisilofika, kisha kulazimika kuchimba kaburi la pili kabla udongo wa la kwanza haujakauka.

Kwa hiyo wenye kupiga simu ya msiba nao wana wajibu. Pamoja na kusema mazishi ni saa ngapi, waseme: "Msiendeshe usiku. Sisi tupo, tutamzika. Njooni asubuhi, mtatukuta." Maneno hayo machache humwondolea mtu mzigo wa aibu, na ni aibu ndiyo inayomfanya akanyage mafuta.

Dalili za usingizi zinajulikana, na anayeziona kwanza mara nyingi si dereva bali aliyeketi kando yake. Ni miayo inayofuatana, kufikicha macho, gari kupanda ukingo au kuvuka mstari kisha kurudishwa kwa ghafla, kupita kibao au njia ya kuingilia bila kukiona, kutokumbuka kilomita chache zilizopita, kichwa kuinama na kuinuka. Ikifika hapo hakuna tena la kujadiliana. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kujimwagia maji usoni ni kujidanganya kwa dakika chache. Miraa na muguka huficha uchovu bila kuuondoa, na vikiisha nguvu mtu huanguka kwa ghafla kuliko alivyokuwa.

Dawa ni kusimama mahali penye usalama: kituo cha mafuta chenye taa na watu, au uani kwa msikiti kwa ruhusa ya wenyewe. Funga milango, acha upenyo wa hewa, weka simu ikuamshe baada ya dakika 15 au 20. Kikombe cha kahawa chaweza kusaidia, lakini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi. Kwa hiyo ni bora kinywewe kabla ya kule kulala kidogo, ili mtu aamke wakati kinapoanza kumfaa. Ukishaamka tembea kidogo, utawadhe, ndipo uendelee. Hata hivyo usingizi mfupi hununua muda mchache tu. Kwa deni la usiku mzima, malipo ni usiku mzima. Kama wapo wawili wanaojua kuendesha, wapeane zamu kila saa mbili, na asiyeendesha alale kwelikweli.

Tahadhari na dawa. Dawa nyingi za mafua na za mwasho huleta usingizi. Muulize mwenye kuuza dawa kabla ya safari. Na yapo maradhi ambayo mke huyajua kabla ya mume: kukoroma kwa nguvu, pumzi kukatika usingizini kisha kurudi kwa kishindo, na kuamka asubuhi mtu angali amechoka. Mwenye hali hiyo husinzia mchana hata kama amelala saa nane. Si jambo la kuchekewa barazani. Lina matibabu, na mtu huyo amwone daktari kabla hajarudi barabarani.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Tarawehe, kisha daku, kisha Alfajiri, kisha kazi. Usingizi umekatwa vipande. Saa kumi za mchana, bonde la pili la mwili, ndiyo saa ambayo wengi wanakimbilia nyumbani kwa futari. Kulala kidogo baada ya Adhuhuri, ile kailula tuliyoiacha kwa watoto na wazee, ni sunna iliyowekwa mahali pake hasa.

Wanaopanda mabasi wajue pia haki yao. Sheria ya Usafiri Barabarani ya Kenya inakataza mtu kuendesha gari la abiria kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Abiria anayemwona dereva akisinzia ana haki ya kumwambia utingo, na ana haki ya kuungwa mkono na wenzake. Tusimwachie mama mmoja apige kelele peke yake huku wengine tukimwona mkorofi.

Mwisho nawaelekea kina mama, kwa kuwa mengi ya haya yamo mikononi mwenu. Harusini tunafika kwa gari la kukodi tangu asubuhi. Ndani kuna kupika, kupamba, vigelegele na maakuli mpaka usiku wa manane. Nje, chini ya mwembe, yumo kijana aliyetuleta, ameketi garini na mbu. Tutatoka tukiwa na furaha na tutampa roho zetu atuvushe Sabaki usiku huo. Apelekewe sahani yake mapema, aonyeshwe chumba chenye feni, aambiwe, "Mwanangu, lala, tukimaliza tutakuamsha." Na baada ya Maulidi ya kukesha, wageni wasiruhusiwe kushika njia alfajiri kwa sababu tu wamekwisha kuaga. Mambrui haijapata kukosa mkeka wala mto wa kumpa mgeni. Ukarimu wetu tumeujua kwa chakula. Basi tuujue na kwa usingizi.

Na mke aliye ubavuni mwa mumewe asinyamaze kwa kuogopa kumvunjia heshima. Aseme kwa upole, "Baba watoto, macho yako yamekuwa mazito. Tusimame kidogo, tutafika tu." Mume mwenye busara hatayasikia hayo kama lawama. Safari, kama alivyotufunza Mtume (S.A.W.), ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na ametuhimiza tukimaliza haja zetu turudi upesi kwa watu wetu. Upesi huo maana yake ni kutozurura, nao hautimii ila kwa kufika.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awarehemu waliotutangulia katika njia hizi, na atujaalie kufika kwa wenyeji wetu salama. Amin.